Mbio Fupi na Subira Ndefu

Wazee wetu wametufundisha ya kwamba haraka haraka haina baraka. Neno hili ni la kweli katika kupika, katika kununua shamba, na katika kuamua mashauri ya watu. Walakini yuko mtu mmoja wa pwani hii ya Afrika ya Mashariki ambaye sifa zake zote zilitokana na haraka, na tukiichungua habari yake twaona ya kuwa mithali ya wazee haikuvunjwa. Mtu huyo aliitwa Seraphino Antao.

Sisi tukaao Kilambo, karibu na mto Ruvuma, si wageni wa Mombasa, maana pepo za kaskazi zilizoyapeleka majahazi Mombasa ndizo zilizoyaleta na huku kwetu Mikindani. Huko Mombasa ndiko alikozaliwa Antao mwaka 1937. Asili ya wazazi wake ilikuwa Goa, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, lakini yeye alikuwa mtoto wa Mombasa, na alipokwenda kushindana na mataifa alikwenda kwa jina la Kenya.

Mbio zake zilikuwa zile fupi za yadi 100 na za yadi 220. Yadi 100 ni kadiri ya meta 91. Msomaji akitaka kuzijua, na aende katika shamba la mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya meta 12, aanze penye mkorosho wa kwanza, akimbie mpaka aukaribie wa tisa. Antao aliwahi kuumaliza mwendo kama huo kwa sekunde 9.5, muda usiotosha kuwasha moto jikoni. Katika mbio za namna hiyo hakuna nafasi ya kutengeneza kosa. Mkimbiaji wa mwendo mrefu akijikwaa mwanzoni aweza kuwafuata wenzake polepole na kuwapata. Wa yadi 100 akichelewa kuinuka penye mstari, shauri lake limekwisha. Kwa hiyo hujifunza kuinuka tu, mara mia na mara elfu, na kuinama, na kupeleka mikono, mpaka mwili ufanye wenyewe pasipo kuulizwa.

Basi tutazame jinsi miaka yake ilivyokwenda. Mwaka 1958 alikuwa Cardiff, katika nchi ya Wales, penye michezo ya nchi za Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola. Wenziwe wawili wa Kenya, Arere Anentia na Bartonjo Rotich, walirudi na medali za shaba; yeye alirudi mikono mitupu. Mwaka 1960 alikwenda Roma katika Michezo ya Olimpiki, wala huko hakufika katika mbio za mwisho. Mtu mwingine angalisema, "Nimekwisha kujaribu, yatosha." Yeye alirudi Mombasa akaendelea kujifunza.

Ndipo ukaja mwaka 1962. Katika mashindano makubwa ya riadha ya Uingereza, yaliyofanyika London, alishinda yadi 100 na yadi 220 pia. Kisha katika mwezi wa Novemba, huko Perth katika Australia, michezo ile ile ya nchi za Jumuiya ya Madola ilikusanyika tena, naye akashinda mbio zote mbili. Katika yadi 100 aliyemfuata alikuwa Tom Robinson wa visiwa vya Bahama, mtu mwenye jina kubwa, aliyeshinda yadi 220 kule Cardiff. Hizo zilikuwa medali za kwanza za dhahabu kuletwa Kenya kutoka michezo hiyo. Kutoka Cardiff hata Perth ni miaka minne, na mbio ya yadi 100 haikufika sekunde 10. Haraka ile ilikuwa imepikwa kwa moto mdogo.

Lipo jambo jingine ambalo twalipenda zaidi. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na mwaka uliofuata timu yake ikaenda Tokyo katika Olimpiki ikiwa taifa huru kwa mara ya kwanza. Aliyechaguliwa kuichukua bendera alikuwa Antao. Huko hakufika katika mbio za mwisho. Medali ya shaba ililetwa na Wilson Kiprugut katika mbio za meta 800. Hata hivyo bendera ilikwisha pita uwanjani mikononi mwa mtu aliyeistahili. Baadaye Antao alihamia London, akafariki huko mwaka 2011.

Baada yake Kenya ilisifika duniani kwa mbio ndefu, hata watu wakasema ya kuwa Waafrika wa Mashariki hawakuumbiwa mbio fupi. Neno hilo lilikaa miaka mingi. Kisha mwaka 2021, huko Nairobi, Ferdinand Omanyala alikimbia meta 100 kwa sekunde 9.77, ikawa rekodi ya Afrika. Na mwaka 2022 huko Birmingham alishinda meta 100 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, kwa sekunde 10.02. Wala hakuwa wa kwanza, maana mtoto wa Mombasa alikwisha kupita njia hiyo.

Twaandika haya kwa sababu ya jambo lililo hapa kwetu. Yuko binti wa darasa la sita awashindaye wavulana wote katika mchanga wetu. Msimu wa korosho ulipofika, baba yake alimwondoa katika mazoezi, akisema mbio hazijazi ghala. Hatumlaumu, korosho ndizo chumvi na nguo za nyumba ile, na mikono ni michache. Lakini twamwuliza yeye na wazazi wengine: je, hamwezi kuwaachia watoto saa moja tu jioni, jua likiisha kupungua? Kipaji cha mbio fupi kina umri wake. Antao alishinda Perth akiwa na miaka 25, na baada ya Tokyo, miaka miwili tu mbele, alikuwa ameziacha mbio. Korosho zitaanguka tena mwaka ujao, bali miguu ya mtoto haingojei msimu.

Sisi walimu tumekwisha kupima meta 100 nyuma ya shule na kutia alama za chokaa. Mzazi apendaye kumtazama mtoto wake akikimbia, na aje Ijumaa yo yote baada ya masomo.