Usevya: Ardhi ya Mababu, Makazi ya Familia na Nyumba ya Sanaa

Msafiri atokaye Mpanda kuelekea kusini hufika kwanza Sitalike, ambako viboko husongamana katika mto Katuma wakati wa kiangazi. Hapo huingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na ambayo leo ina eneo la kilomita za mraba 4,471. Akishalipita pori hilo la miombo, nchi ya Mpimbwe humfungukia: Kibaoni, Usevya, Mamba na Majimoto, vijiji vya bonde la Rukwa vyenye mashamba ya mpunga na mahindi, na nyumba za matofali ya kuchoma.

Wenyeji wa asili wa nchi hii ni Wapimbwe. Katika miongo ya karibuni Wasukuma wamehamia kwa wingi pamoja na ng'ombe wao, na Wafipa ni majirani wa tangu zamani. Misitu ya miombo hutoa asali, na mzinga wa gome la mti bado ni chombo kinachofahamika na kila mtu. Ng'ambo ya pili, Ufipa, mababu walijenga matanuri marefu ya kuyeyushia chuma yaliyoitwa malungu, na walifuma nguo za pamba kwa mikono yao. Hii si nchi iliyokosa sanaa, ila mafundi wake wanazeeka, na vijana wao wako mijini.

Hapa ndipo lilipo swali linalozihusu familia nyingi. Mume na mke wamefanya kazi mjini miaka 30. Kijijini kuna shamba la urithi, nyumba iliyopasuka ukuta, miembe na kisima. Wauze ili wanunue kiwanja pembezoni mwa jiji, au warudi? Na wakirudi, je, mahali hapo paweza kuwa zaidi ya makazi ya wazee wawili? Paweza kuwa nyumba ambayo fundi wa ufinyanzi, msusi wa mikeka, mwandishi wa khati au kijana msomaji wa kasida atapata kivuli, utulivu na mwalimu?

Wapo waliokwisha kuijaribu njia hiyo. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusoma Makerere, alianzisha pamoja na wenzake kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Baadaye yeye na mkewe Phillda, Mmarekani aliyehamia Afrika Mashariki, walikipeleka kituo hicho Ridgeways, nje kidogo ya jiji, katika ardhi iliyokuwa ya kahawa. Hapo wakaishi, na hapo hapo wakapokea wasanii wa kulala na kufanya kazi, watoto wa kujifunza kuchora na wageni wa kutazama. Nyumba ya familia na nyumba ya sanaa zikawa kitu kimoja.

Jina lenyewe ni mchezo wa Kiswahili. Paa ni mnyama wa porini, paa ni kifuniko cha nyumba, na kupaa ni kuinuka juu. Mtu wa Usevya, anayewafahamu wanyama wa porini kwa kuishi jirani na hifadhi na anayeezeka paa lake mwenyewe, hahitaji kufafanuliwa.

Lakini njia hiyo si ya mteremko. Mwaka 1997 moto uliteketeza jumba la maonyesho la Paa ya Paa, pamoja na michoro na vitabu vilivyokusanywa kwa miaka zaidi ya 30. Mume na mke wale hawakuondoka. Walibaki katika ardhi ile, wakajenga tena kidogo kidogo, na kazi ikaendelea. Kilichonusurika katika moto ni ardhi, miti na makubaliano ya watu wawili.

Sisi Waislamu tuna ya kuzingatia katika habari hiyo. Katika Suratun Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anazitaja nyumba miongoni mwa neema zake, kwa kuwa amezijaalia kuwa mahali pa utulivu. Nyumba inayopokea wageni kila siku yaweza kuupoteza utulivu huo. Kwa hiyo ni busara baraza na karakana ya wageni viwe mbali na ua wa familia, na mama wa nyumba awe mshauri wa kwanza wa mpango, wala asigeuzwe mpishi wa watu ambao hakushirikishwa kuwaalika. Kuhusu sanaa, tofauti za wanazuoni juu ya picha za viumbe zinajulikana. Khati, ufumaji, ususi, ufinyanzi, uchongaji wa milango na ushairi ni uwanja mpana usio na mgogoro huo.

Liko pia jambo la haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inamtambua mwanamke kuwa na haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kuandikwa kwa majina ya mume na mke. Mke aliyetoa akiba yake kujenga karakana asiachwe nje ya karatasi kwa hoja ya kuaminiana. Mali yake ni yake kwa sharia ya dini pia.

Na baada yao je? Ikiwa hakuna lililopangwa, shamba litagawanywa kwa warithi, na karakana huenda ikauzwa ili kila mmoja apate fungu lake. Hiyo ni haki yao. Wasia nao hauvuki theluthi ya mali ila warithi waridhie. Anayetaka sehemu ya ardhi ibaki kuwa mahali pa elimu na ufundi ana mlango wa wakfu, kama Sayyidna Umar alivyoiwakifu ardhi yake ya Khaybar kwa ushauri wa Mtume (s.a.w.): haiuzwi, hairithiwi, na mazao yake huwafikia wenye haja, jamaa na wageni. Lakini wakfu huandikwa mtu akiwa mzima, watoto wakiwa wamekaa na kuelezwa, mipaka ikiwa imepimwa na msimamizi akiwa amekubali.

Peter Mgawe na wenzake wamekwisha kuandika kitabu cha Kiswahili juu ya historia na utamaduni wa Wapimbwe, na kumbukumbu hiyo imepata pa kukaa. Ufundi wa mikono haukai kitabuni. Unahitaji ua, udongo, mwalimu aliye hai na kijana aliyeketi mbele yake. Kwa familia yenye ekari chache Usevya na wazazi wanaokaribia kustaafu, mazungumzo hayo yanafaa kuanza sasa, kabla dalali hajafika.