Datsun 240Z: Hili ni Toleo Gani?

Jamani, mjomba anataka kutoa kiinua mgongo chake anunue Datsun 240Z, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Muuzaji anaapa kila kitu ndani ni cha kiwandani. Sisi watu wa programu hatusikilizi viapo, tunaangalia toleo.

Katikati ya dashibodi, geji ya umeme ya 240Z husoma ampea. Hii ilisoma volti, kama ya 280Z. Nikatafuta mkono wa choki karibu na gia: haupo! 240Z hutumia kabureta, hivyo choki lazima. 280Z ina injekta, haihitaji.

Nikamwambia, "Mjomba, gari ni zuri, lakini usilipe bei ya orijino." Sasa wanapatana upya.

Haya, narudi kazini.