Samaki wa Kongowea na Mafuta Yaliyozama Topeni

Atokaye soko la Kongowea akashika njia ya kuelekea daraja la Nyali, hufika mahali ambapo kelele za mikokoteni hufifia na upepo wa hori la Tudor ukampokea. Ng'ambo ni kisiwa cha Mombasa. Nyuma ya kisiwa, ambako jicho halifiki, ziko hori za Makupa na Port Reitz. Huko mafuta yalimwagika mara mbili tunazozikumbuka: mwaka 1988, tangi lilipotoboka na takriban tani 5,000 zikaingia Makupa, na Aprili 2005, meli ya Ratna Shalini ilipovujisha mafuta ghafi yakatanda kwenye mikoko ya Port Reitz.

Husemwa kuwa hayo yamepita, maana maji yamerudia rangi yake. Lakini juu ya maji mafuta hayakai. Jua huyakausha, mawimbi huyatawanya. Yanayodumu ni yale yaliyozama katika tope la mikoko, kwa kuwa tope hilo halina hewa, na vijidudu vilavyo mafuta huhitaji hewa. Humo hukaa miaka, yakivuja kidogo kidogo bahari inapojaa na kupwa. Na mikoko, enyi kina mama, ndiyo malezi ya tafi, changu, mkizi na kamba wangali wachanga.

Samaki mzima ana ini. Huichuja sumu ile, na baada ya muda nyama yake husafika. Chaza hawana uwezo mkubwa kama huo, basi mnunuzi awe na hadhari nao zaidi. Yai je? Sumu hupenya utando wake na kuudhuru moyo unaoanza kupiga. Kitoto huanguliwa na moyo uliopotoka, au hutoka mzima machoni lakini akikua huogelea kwa unyonge, akaliwa kabla hajazaa.

Huko Alaska, meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta mwaka 1989. Mayai ya samoni katika vijito vilivyoguswa yaliendelea kufa kupita kiasi hadi 1993, ilhali samoni wa aina ile huishi miaka miwili tu. Waliotaga mayai hayo wenyewe walizaliwa baada ya ajali.

Sisemi kwamba upungufu wa samaki wetu ni wa mafuta peke yake. Nyavu za macho madogo nazo zina dhambi yake.

Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu chini ya kilicho kikavu, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Samaki anayenuka dizeli arudishwe kwa muuzaji bila haya, kwani limau na bizari huficha harufu tu, sumu haiondoki. Nao wanaomwaga oili chafu ya mashine za boti kando ya mikoko si wageni wa melini. Ni vijana wetu, na jioni hurudi kula majumbani mwetu.