Swali la Semina na Jibu la Wazee

Watu wengi wa kwetu wakilisikia neno semina hudhani kwamba ni mkutano wa watumishi, wenye hotuba, chai na posho. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam semina ni jambo jingine. Ni darasa la wanafunzi wachache walioketi wakitazamana. Mmoja wao husoma makala aliyoiandika, na wenzake pamoja na mwalimu wana haki ya kumwuliza: umejuaje? Asiyeweza kulijibu swali hilo hana budi kuianza kazi yake upya. Tunataka kueleza jinsi swali hilo lilivyofika Wanging'ombe na kuingia katika ukoo wetu, maana tunaamini kwamba linahusu utamaduni wetu kuliko wengi wanavyodhani.

Sisi wenyewe hatukusoma chuo kikuu. Elimu yetu iliishia sekondari, tukaingia katika utumishi wa serikali, na mashairi yetu tumeyaandika usiku baada ya kazi. Lakini mpwa wetu, binti wa dada yetu, alipata nafasi Mlimani, akachagua historia, na katika mwaka wake wa tatu akajiunga na semina ya Vita vya Maji Maji. Tuliyafuata masomo yake kwa karibu kama kwamba ni yetu.

Semina hiyo ina nasaba yake. Chuo kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Idara ya Historia ilipoanza chini ya Profesa Terence Ranger, maandishi mengi juu ya nchi yetu yalikuwa ya watawala na wamisionari. Mwaka 1968 Gilbert Gwassa na John Iliffe waliongoza utafiti ambao uliwatuma wanafunzi makwao kuandika ushuhuda wa wazee juu ya vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Mwaka 1969 kikatoka kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu. Hivyo mwanafunzi wa leo anayekwenda kijijini na daftari lake anafuata njia iliyokwisha kufyekwa.

Mpwa wetu alichagua kuandika juu ya Yakobi, karibu na mji wa Njombe. Mnamo Septemba 1905 wapiganaji wa Kibena walikishambulia kituo cha misheni kilichokuwa hapo, wakarudishwa nyuma kwa bunduki. Mmisionari Paul Gröschel aliyekuwa ndani alieleza habari za kazi yake katika kitabu kilichochapishwa Berlin mwaka 1911. Lakini wazee wa Yakobi wana jina lao wenyewe. Mwanahistoria James Giblin, aliyefanya utafiti wa miaka mingi Njombe, ameonyesha katika kitabu cha mwaka 2010, alichokihariri pamoja na Jamie Monson, kwamba wao huviita Vita vya Korosani. Basi vita ni vile vile, ila majina ni mawili. La kwanza linatuunganisha na Umatumbi na Ungoni. La pili linamtaja mtu mmoja aliyejulikana pale pale. Mwalimu wa semina aliuliza: hao waliokitumia jina hilo la pili walikuwa wamesimama wapi siku ile, nje ya kituo au ndani?

Swali hilo ndilo lililomleta mpwa wetu nyumbani wakati wa likizo. Katika ukoo wetu alikuwapo mzee aliyezaliwa mwaka 1940, ambaye baba yake alikuwa mtoto mdogo Yakobi wakati wa vita. Sote tulikuwa tumekua tukisikia kwamba babu wa mzee huyo alipigana na Wajerumani. Mpwa wetu aliketi mbele yake, akamwamkia, akamwomba aeleze. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba babu yake hakuwa nje na mkuki. Alikuwa ndani ya kituo, akiwachotea maji wale waliokuwa wakijilinda humo.

Nyumba nzima ilitaharuki. Ndugu mmoja alisema kwamba maneno hayo yasitoke nje ya mlango, tusije tukaitwa kizazi cha wasaliti. Mwingine alimkemea binti kwa kumwuliza mzee jambo lile lile mara tatu, akisema kwamba huko ni kukosa adabu. Mzee ndiye aliyewanyamazisha. Alisema:

"Zamani barazani, watu wakigombania ng'ombe au mpaka wa shamba, shahidi aliulizwa kwanza: uliona mwenyewe, au uliambiwa? Na aliyemwambia aliulizwa naye. Mjukuu wangu huyu ananiuliza mara tatu kwa sababu anataka kulibeba neno langu mpaka Dar es Salaam pasipo kulimwaga njiani."

Kisha akayapanga maneno yake mafungu matatu: aliyoyasikia kwa baba yake, aliyoyasikia misibani kwa watu wengine, na yale aliyoyakisia mwenyewe. Sisi tuliokuwapo tulistaajabu. Hakuwahi kuingia katika darasa la chuo, lakini swali la semina alilijua tangu utoto wake.

Mpwa wetu aliyapeleka maneno hayo kwa idhini ya mzee. Semina haikumpokea kwa makofi. Mmoja alisema kwamba mtu aliyezaliwa miaka 35 baada ya vita hawezi kuwa shahidi wake. Mwingine, kijana wa Songea, ambako viongozi wa Wangoni walinyongwa Februari 1906, aliuliza kwa uchungu: huyo mchota maji hakuwa msaliti? Mwalimu hakujibu. Alimtaka mpwa wetu aeleze mtu yule alifikaje Yakobi, na kama angetaka kuondoka angekwenda kwa nani.

Hakuwa na jibu, akarudi kwa mzee. Ndipo ilipojulikana habari ambayo hakuna mtu katika ukoo aliyekuwa ameiuliza. Babu yule alipoteza wazazi wake katika vita vya Wahehe na Wajerumani, vile vilivyomalizika kwa kifo cha Mkwawa mwaka 1898. Alikimbilia misheni akiwa kijana asiye na ndugu. Mwaka 1905 hakuwa na moto mwingine wa kuota. Kijana wa Songea aliposikia hayo hakusema kwamba uchungu wake umekwisha. Alisema tu kwamba sasa anataka kujua ni wangapi wengine walikuwa hivyo, naye akaenda kutafuta kwao.

Wako watakaosema kwamba habari za namna hii zinaudhoofisha umoja wa taifa. Hatukubaliani nao. Maji Maji ilikuwa vita ya kukataa kutawaliwa, na hakuna ushuhuda utakaoliondoa jambo hilo. Lakini njaa iliyoletwa na vita iliwaua waliokuwa nje na waliokuwa ndani. Wajerumani walitaja watu 75,000 waliokufa. Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Tofauti hiyo kubwa yatosha kutuonyesha jinsi wafu wengi walivyokosa wa kuwahesabu. Taifa linalowakumbuka mashujaa wake peke yao litawasahau wengi mno wa hao.

Kwa hiyo twawaomba walimu wa sekondari wasiingoje semina ya chuo kikuu. Mwanafunzi wa kidato cha pili, awe Ilembula, Makambako au kwingineko, aweza kupewa kazi ya kumhoji mzee mmoja. Aandike jina la mzee na mwaka aliozaliwa. Aandike aliambiwa na nani. Maneno ya Kibena, au ya lugha yoyote ya nyumbani, ayaandike kwanza kama yalivyotamkwa, ndipo ayafasiri kwa Kiswahili. Mwisho amrudie mzee na kumsomea, ili arekebishe. Darasani wenzake wamwulize: umejuaje? Naye asione haya kusema kwamba hajui, bali arudi akaulize tena.

Mzee wa ukoo wetu alifariki dunia mwaka uliofuata. Waliozaliwa kabla ya Uhuru wanapungua kila mwaka, na likizo ya Desemba ni ndefu ya kutosha kuianza kazi hii.