Meneja Msaidizi na Msaidizi wa Meneja

Katika lugha yetu, kama ilivyo katika Kiingereza, neno moja likihamishwa mahali pake laweza kumpandisha mtu cheo au kumshusha. Meneja Msaidizi ni mkubwa wa pili ofisini. Meneja akisafiri, yeye ndiye atiaye saini. Msaidizi wa Meneja ni mtu wa kutumwa. Juu ya tofauti hiyo umejengwa ugomvi mkubwa wa mchezo wa kuchekesha wa Marekani uitwao The Office, ulioonyeshwa na kituo cha NBC kuanzia mwaka 2005 hadi 2013, misimu 9, na ambao vijana wa nyumbani kwetu wanautazama hivi sasa kwa bidii ambayo tungependa waitie katika masomo.

Tuseme mapema kwamba hatuusifu wote. Imo mizaha ambayo mzazi ataona haya kuketi nayo sebuleni pamoja na wanawe, na mara kadhaa tumelazimika kuagiza kidhibiti kiletwe huku. Lakini sisi tuliotumia miaka yetu katika masjala, kati ya majalada na mihuri, tuliona ndani yake watu tunaowajua.

Mahali ni tawi la kampuni ya kubuni ya kuuza karatasi, Dunder Mifflin, katika mji wa kweli wa Scranton, jimbo la Pennsylvania. Wauzaji wawili wameketi kwenye madawati yanayogusana. Mmoja ni Dwight Schrute, mkulima wa bitiruti, mpenda kanuni, ambaye hujitambulisha kwa kila mtu kuwa ni Meneja Msaidizi, na kila mara husahihishwa kuwa ni Msaidizi wa Meneja. Wa pili ni Jim Halpert, kijana mcheshi, mwenye akili kupita kazi aliyopewa, ambaye ameamua kwamba siku haitakwisha bila kumchezea Dwight shere. Katika sehemu ya kwanza kabisa stepla ya Dwight inakutwa imezamishwa ndani ya jeli. Mzaha huo umerithiwa kutoka kwa mama wa mchezo wenyewe, ule wa Uingereza uliotungwa na Ricky Gervais na Stephen Merchant mwaka 2001, ambamo anayetendwa ni Gareth na mtendaji ni Tim.

Watazamaji wengi humpenda Jim, na watoto wetu ni miongoni mwao. Ana uso wa upole, na kila afanyapo kituko huitazama kamera kana kwamba anatukonyeza sisi, akitufanya washirika wake. Sisi tunasimama upande wa Dwight, ingawa hatungeomba tupangiwe naye chumba kimoja. Dwight ni mdaku. Hupeleka maneno kwa mkubwa, hupekua, hutisha walio chini yake kwa madaraka asiyokuwa nayo. Katika msimu wa tatu anaaga kuwa anakwenda kwa daktari wa meno, kumbe amekwenda kuonana kwa siri na bosi wa makao makuu, akiomba apewe kiti cha meneja wake mwenyewe. Aibu inayomkuta baada ya hapo ni ya haki.

Hata hivyo tunauliza: ni nani aliyempa kile cheo cha hewa? Ni meneja Michael Scott, anayeigizwa na Steve Carell, mtu anayetaka kupendwa na kila mmoja na kwa hiyo hawezi kumwambia yeyote ukweli. Angeweza kumpa Dwight kazi ya cheo kile na mshahara wake, au angeweza kumwambia waziwazi kwamba nafasi hiyo haipo. Badala yake amempa jina bila madaraka, kisha humnyang'anya hata hilo jina mbele za wenzake. Waliowahi kukaimu nafasi miaka mitatu bila posho ya kukaimu wataelewa tunachokisema. Mtu aliyewekwa hapo hugeuka kuwa mlinzi mkali wa kitu ambacho hana.

Katika msimu wa pili liko tukio la boksi. Kwa miaka Dwight alikuwa akiandika malalamiko rasmi dhidi ya Jim na kuyakabidhi kwa Toby, afisa utumishi, akiamini kwamba yanapelekwa makao makuu New York. Siku moja anagundua kwamba hayakwenda popote. Toby aliyatia ndani ya boksi, yakakaa. Michael anayasoma kwa sauti, moja baada ya jingine. Mwanzoni Jim anacheka. Anakumbuka jinsi alivyokuwa akiongeza sarafu ndani ya mkono wa simu ya Dwight, kidogo kidogo, mpaka mwenzake akazoea uzito, kisha akazitoa zote kwa mara moja ili Dwight ajipige nao kichwani. Orodha inaendelea. Kicheko kinapungua usoni mwake. Kila mzaha peke yake ulikuwa mwepesi, lakini ulipowekwa pamoja na mingine umekuwa miaka ya mtu, na si miaka ya Dwight tu. Msimu wa tatu unapoanza Jim amekwisha hamia tawi la Stamford. Sababu kubwa ya kuhama ni mapenzi yake kwa Pam, karani wa mapokezi aliyekuwa na mchumba, lakini sisi hatuamini kwamba boksi lile halikuwamo katika hesabu.

Tukio hilo ndilo lililotufunulia jambo la nyumbani. Mpwa wetu anaishi nasi tangu alipoajiriwa katika idara ya hesabu ya kampuni moja hapa jijini. Ni kijana anayehesabu stakabadhi mara mbili hata kama hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Wenzake walipokuwa wakiangua vicheko sebuleni, yeye alikuwa kimya, kisha akaomba sehemu ile irudishwe. Vijana wakamzomea kidogo, wakairudisha. Usiku, wengine walipokwisha kulala, alikuja akasema, "Mjomba, mimi ofisini wananiita Mkaguzi Mkuu." Tukacheka, tukidhani ni sifa. Akatueleza kwamba mhuri wake hufichwa saa za kwenda benki, kwamba wanaigiza lafudhi yake ya kijijini anapozungumza kwa simu, na kwamba sasa anakula chakula cha mchana akiwa peke yake, karibu na mahali zinapoegeshwa pikipiki. Ni miezi minane. Hakuna alichotendewa ambacho, ukikisema peke yake, hakitaonekana kuwa ni utani tu.

Tulimwambia asikimbilie kumchukia kila anayecheka naye, na hapa tunarudi katika mchezo, maana umetofautisha vizuri namna mbili za uhasama. Matawi mawili yanapounganishwa anakuja Andy Bernard, mtu wa tabasamu, ambaye hamfichii Dwight stepla hata siku moja. Humsifu meneja, hukubaliana naye katika kila neno, na hutafuta kosa. Dwight alikuwa ameendesha gari hadi New York kupeleka fomu za kodi ambazo Angela, mhasibu anayempenda kwa siri, alisahau kuzituma. Andy akaiona risiti ya ushuru wa barabara ndani ya gari la Dwight, akaipeleka kwa meneja kama ushahidi wa usaliti. Dwight angeweza kujitetea kwa sentensi moja, lakini sentensi hiyo ingemwaibisha Angela. Akaacha kazi, akaenda kuuza katika duka la Staples.

Ofisi inakaa na Andy siku chache, na hakuna anayemvumilia. Jim mwenyewe anamkumbuka Dwight. Michael anafunga safari hadi dukani kumrudisha, na Andy anapofichiwa simu yake anatoboa ukuta kwa ngumi. Dwight alikuwa ametendewa mengi kuliko hayo na ukuta ulikuwa salama.

Msimu huohuo, mchumba wa zamani wa Pam anamvamia Jim ofisini. Anayemwokoa ni Dwight, kwa dawa ya kupulizia machoni. Jim anamletea zawadi ya shukrani, Dwight anaikataa. Kwake yeye ilikuwa ni wajibu. Baada ya hapo stepla na jeli vikawa vitu vingine machoni petu. Na katika sehemu ya mwisho, mwaka 2013, Dwight akiwa meneja kamili, Jim ndiye msimamizi wake wa harusi. Jim na Pam wanapoaga ili wahame, Dwight anasema amekwisha waachisha kazi, ili wapate kiinua mgongo.

Vijana wetu walifurahia mwisho huo. Mpwa wetu alisema ni mzuri, ila umechukua misimu tisa.

Ameandika barua yake, ukurasa mmoja, tarehe na mambo, bila tusi. Alituletea tuisome. Tulirekebisha anwani, tukapunguza sentensi mbili za hasira, tukamsisitizia abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, kwa kuwa tunajua barua za namna hiyo hukaa wapi. Hii ni wiki ya tatu. Kila jioni mama watoto humuuliza kama imejibiwa, naye hujibu kwamba bado iko kwa afisa utumishi.