Bei Iliyokatwa kwa Wino Mwekundu

Katika Mfungo Tano uliopita wazazi wa wanafunzi wa chuo chetu, hapa Dar es Salaam, walitukabidhi shilingi 300,000 tununue madufu sita, kwani ya zamani yalikuwa yamepasuka ngozi na siku za Maulidi zilikuwa zikikaribia. (Hitilafu ya wanavyuoni juu ya ala za muziki twaijua, na si makusudio yetu kuiingia leo.)

Tulikwenda katika duka moja liuzalo vinanda, magitaa na ngoma. Mlangoni palitundikwa kitambaa kilichotangaza punguzo la nusu bei kwa siku tatu tu. Kila dufu lilikuwa na karatasi yenye bei mbili: 90,000, iliyokatwa kwa wino mwekundu, na 45,000 chini yake. Tukalipa kwa furaha, na jioni ile ile tukawarudishia wazazi 30,000 zilizobaki, tukawatangazia kwamba tumewaokolea shilingi 270,000. Wakatuombea dua.

Baada ya Isha akatujia mwanafunzi mmoja, ambaye wiki tatu kabla tulimtuma katika duka lilo hilo kuulizia bei. Alikuwa na daftari lake mkononi.

"Maalim, mbona mimi niliambiwa 42,000?"

Kumbe tulipunguziwa kwa kuongezewa!

Asubuhi tulirudi. Mwenye duka hakukasirika. Alisema, "Maalim, uliiona 45,000, ukaridhika, ukalipa. Nani aliyekulazimisha?"

Neno hili si la kupuuzwa. Ni kweli tuliridhika, na mwenye mali ana ruhusa ya kupandisha bei ya mali yake. Lakini ridhaa yetu ilijengwa juu ya khabari kwamba kitu kile kiliwahi kuuzwa 90,000, na khabari hiyo ilikuwa ya uwongo. Wasomaji wetu waliosoma fiqhi wanaijua najshi: mtu husimama mnadani akapandisha bei naye hana nia ya kununua, ili mwingine aghurike. Mtume (s.a.w.) aliikataza. Hapa aliyesimama mnadani ni ule wino mwekundu.

Serikali nazo zimeliona jambo hili. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inamkataza mfanya biashara kumpotosha mnunuzi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2022, atangazaye punguzo hutakiwa, kwa kawaida, aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouza katika siku zisizopungua 30 zilizotangulia. Kwa kipimo hicho, karatasi ya dufu letu ingeandikwa 42,000, na punguzo lisingekuwapo.

Mwenye duka alitazama daftari la kijana, akanyamaza, kisha akaturudishia 18,000. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa lile letu sisi, tulioupokea uwongo tukaufikisha kwa wazazi kana kwamba ni sifa yetu. Ijumaa tukasimama mbele yao, tukayafuta maneno yetu. Mzee mmoja akauliza kama kitambaa kile kimeondolewa. Tukamjibu kuwa siku tatu zimekwisha, nacho kingali mlangoni.