Kipese: tuvike udongo nguo



Wiki hii tunapanda mlima mpaka Kipese, katika teritware ya Lubero, kusini mwa Butembo. Ikweta iko karibu, lakini usitafute joto huku. Asubuhi ukungu umelala mabondeni, na wamama wanaenda shamba wamejifunika vizuri. Kwenye miteremko mashamba yamepangana kama viraka vya kitambaa: viazi vya kizungu, maharagi, ngano, kabichi. Pembeni imesimama mistari ya mikaratusi.

Mvua ile ile inayootesha viazi inaotesha pia majani mabaya. Anayepigana nayo ni mama, kwa jembe, mgongo umepinda tangu asubuhi. Kazi ikimzidi, binti anakosa masomo ili amsaidie.

Vita vimeongeza shida nyingine. Mwezi wa sita 2024, M23 walipochukua Kanyabayonga, watu wengi walikimbilia upande wa Lubero na Butembo. Tangu hapo kila mama wa milima hii anajua maana ya njia isiyo na usalama. Anabaki nyumbani siku tatu, pengine juma mbili. Majani hayamngojei. Akirudi, maharagi hayaonekani tena.

Ndiyo sababu wengi wanauliza: hakuna dawa ya kuua majani? Madukani ziko, lakini chupa nyingine zimeandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi haisomi. Tujue basi. Parakwati imekatazwa katika Umoja wa Ulaya tangu 2007. Funda moja tu linaweza kuua mtu, na hakuna dawa ya kuizima mwilini. Glifosati nayo, mwaka 2015 shirika la utafiti wa kansa la OMS liliiweka kati ya vitu ambavyo huenda vinaleta kansa kwa watu. Na chupa tupu ya dawa hizi isiwekwe kamwe mafuta ya kupikia wala maji ya watoto.

Wengine wanataka dawa ya nyumbani. Siki ya jikoni inachoma majani machanga, yale yenye vijani viwili au vinne, jua likiwa kali. Mizizi ya majani makubwa inabaki hai, na siki ikigusa maharagi inayachoma vilevile. Iacheni kwa uwanja na vijia. Maji ya moto yaliyobaki baada ya kupika viazi yanafanya kazi hiyo hiyo, tena bila gharama. Chumvi tusiitie shambani hata kidogo: inaharibu udongo, na msimu ujao hata chakula hakitaota vizuri.

Mkaratusi tunaujua: chini yake vitu vichache vinaota. Majani yake yana vitu vinavyozuia mbegu kuchipuka. Lakini hayachagui, yatazuia mbegu ya maharagi pia. Yatandazwe kwenye njia kati ya matuta, si juu ya matuta.

Kwa hiyo tusidanganyane: maji ya mmea fulani, yanayoua majani yote na kuacha maharagi salama, hatunayo. Mmea unaotusaidia kweli ni ule unaofunika udongo. Mbegu nyingi za majani mabaya zinahitaji mwanga ili ziote. Ukizinyima mwanga, umepunguza kazi kabla ya kushika jembe.

Tunafunika kwa nini? Kwa maganda na mashina ya maharagi baada ya kupura, majani makavu ya migomba, nyasi zilizokatwa kabla hazijaweka mbegu. Kuna pia titonia, ule mmea mchungu wa maua ya manjano unaoota kando ya njia. Majani yake yanalisha udongo. Tandaza unene wa kiganja, lakini usiguse shina la mmea wako. Kwenye mteremko, mfuniko huo unazuia pia mvua kubeba udongo bondeni.

Kati ya mahindi, maboga yanafunika vizuri. Wamama wa Beni, kwenye joto, wanaweza kupanda mukuna katika shamba linalopumzika. Inashinda hata nyasi sugu. Ila mbegu zake zisipikwe kama maharagi, zina sumu. Huko Kenya magharibi, watafiti wa ICIPE wamefundisha wakulima tangu miaka ya 1990 kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake inazuia kiduha, yale majani yanayonyonya mahindi, na desmodiamu yenyewe ukiikata, mbuzi wanaila.

Jembe hatulitupi. Maharagi yapaliliwe mara ya kwanza juma mbili au tatu baada ya kuota, majani yakiwa bado madogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yakianza kutoa maua, usiingie tena na jembe. Lile jani laini lenye ua la buluu usiliache juu ya udongo wenye maji: kila kipande kitashika mizizi. Litoe nje ya shamba. Lengalenga peleka kwenye chungu, na majani mengine wape sungura na kobaye.

Kufunika shamba zima ni kazi kubwa kwa mama mmoja. Ndiyo maana tunapendekeza likilimba ya kutandaza: leo kwa mama huyu, kesho kwa yule, mkianza na mama aliye mja mzito na yule aliyekimbia vita akapewa kipande cha shamba. Katika kikao cha wiki hii, chagueni matuta mawili sawasawa. Moja mlifunike, la pili liacheni wazi. Hesabuni ni mara ngapi mmepalilia kila moja mpaka mavuno, mje mtuambie. Siku njia ikifungwa tena, shamba lililofunikwa litavumilia zaidi mpaka mwenyewe arudi.